Seva ya Peke Yetu

Nashilu aliwateremsha punda wake kutoka malishoni kabla ukungu haujaanza kuinuka, akawafunga nyuma ya duka pale Nainokanoka, akawatandika matandiko ya mizigo, kisha akajifunika blanketi na kukaa kusubiri. Wageni walikuwa wawili, baba na binti yake kutoka Uholanzi, nao walitaka kutembea kwa miguu hadi kreta ya Empakaai huku punda wakibeba mahema. Hakuna aliyekuja. Alasiri alipanda mwinuko unaoshika mtandao, akampigia simu Elieshi wa kambi ya watalii kule Karatu na kumuuliza kwa upole kama gari limeharibika njiani.

Elieshi alimwambia kwamba na yeye alikuwa akisubiri. Gari lilikuwa limejazwa mafuta tangu alfajiri na mpishi alikuwa amekwisha kufunga vyombo. Alimwomba Nashilu awarudishe punda nyumbani, akakata simu, akabaki amesimama uani na aibu yake.

Kesho yake iliingia barua pepe ya yule Mholanzi. Alisema waliomba safari isogezwe mbele hadi tarehe ile, wakangoja jibu, wasilipate, wakadhani kambi haiwahitaji. Wakachukua kampuni nyingine. Hakuandika kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma Elieshi zaidi, kwa sababu yeye alikuwa amejibu siku ileile ya ombi lao. Alifungua barua alizotuma, akaiona pale, na maneno yake ya karibuni sana. Haikufika. Baada ya siku kadhaa ilirudi na maelezo kwamba imekataliwa mlangoni, kwa kuwa anwani iliyoituma inajulikana kwa kusambaza barua za kitapeli.

Hayo yalitokea mwaka 2008. Kambi ya Mringaringa ilikuwa na vyumba vichache na uwanja wa mahema pembeni mwa mji wa Karatu, kwenye ardhi ya ukoo wa mume wa Elieshi. Aliyeianzisha ni Josephati, huyo mume, pamoja na dada yake mkubwa Selestina. Josephati alikuwa mwongoza watalii, Mwiraqw mrefu mwenye maneno machache. Alikutana na Elieshi, binti wa Machame, katika duka la intaneti Elieshi alikokuwa mhudumu. Alikuja kufungua anwani ya barua pepe, halafu akawa anasahau neno la siri kila wiki, mpaka Elieshi akashtukia kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kusahau kiasi hicho. Wakaoana. Wakatengeneza tovuti ya kambi pamoja, yeye Josephati akisema na Elieshi akiandika. Kisha Josephati akaugua ugonjwa wa siku chache tu, akafariki, na mtoto wao Winnie alikuwa bado hajaanza shule.

Tangu hapo kambi ilishikwa na wanawake wawili. Selestina alisimamia jiko, wafanyakazi na magari. Elieshi alisimamia wageni na kompyuta. Waliitana wifi, wakaishi bila makuu.

Selestina ndiye aliyekwenda Nainokanoka kuomba radhi. Alibeba unga, sukari na majani ya chai, akamlipa Nashilu kama vile safari imefanyika. Nashilu alimkaribisha maziwa na hakulalamika. Aliuliza jambo moja tu: ng'ombe wakiingia shambani, mwenye ng'ombe huitwa akaulizwa, sasa katika hili, mwenye ng'ombe ni nani? Selestina alirudi na swali hilo Karatu akalitua mbele ya wifi yake kama alivyolipokea.

Elieshi akaenda Arusha kwa Brian, fundi kompyuta aliyesoma naye chuo. Brian aliangalia kidogo tu akagundua. Tovuti ya kambi, alisema, ilikuwa imewekwa kwenye seva moja na tovuti nyingine mamia, na zote zilitumia anwani moja ya mtandao. Akamfananishia na nyumba za kupanga za Ngarenaro: kila mtu ana chumba chake, lakini bomba ni moja, choo kimoja, LUKU ya umeme moja. Mpangaji mmoja akifuga wezi, polisi wataandika namba ya nyumba, hawataandika namba ya chumba. Ndiyo maana barua za kambi zilikuwa zikifukuzwa. Kuna jirani asiyejulikana, pengine yuko bara jingine kabisa, aliyekuwa akituma utapeli usiku na mchana.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuhamia seva nyingine ya kuchangia, kwenye kampuni inayofukuza wapangaji wabaya mapema. Hiyo ni rahisi, na wenye seva ndio wanaofanya usafi. Ya pili ni kuchukua seva pepe ya peke yao, ile mafundi wanayoiita VPS. Jengo ni lilelile kubwa, Brian alisema, ila unakatiwa sehemu yako, na LUKU yako, na geti lako, na namba yako ya nyumba. Hakuna wa kukuharibia jina. Lakini pia hakuna wa kukufagilia. Kuziba matundu ya usalama, kuweka nakala za akiba, kuamka mashine inapozima, yote ni juu yako. Kwa kambi ndogo kama ile njia zote mbili zingefaa, akaongeza, hivyo hangemchagulia.

"Kitu kimoja tu ujiulize," alisema akimsindikiza. "Nani atafagia?"

Elieshi alirudi Karatu akiwa ameshachagua. Alimkuta Selestina jikoni akipanga lanchi boksi za wageni wa kesho, mayai, ndizi, vipande vya kuku, akamweleza yote na kuipigania ile seva ya peke yao kwa nguvu zilizomshangaza hata mwenyewe. Selestina alisikiliza huku mikono ikiendelea. Akauliza nani ataitunza. Elieshi akasema yeye. Kila wiki? Kila wiki. Na akisafiri?

"Nitasafiri kwenda wapi, wifi?" Elieshi alijibu haraka, na uso ukapata joto.

Alipata joto kwa sababu alijua wapi. Palikuwa na fundi magari mjini anayeitwa Dennis, mwenyeji wa Old Moshi, mtu wa taratibu, mwenye sauti nzito iliyoibeba safu nzima ya nyuma kwenye kwaya ya Kilutheri. Baba yake mdogo alikuwa amezeeka na kumwachia gereji Moshi mjini, na mwisho wa mwaka angehama. Jumapili moja walipokuwa wakitoka mazoezini alimwambia Elieshi kwamba angependa wahame pamoja, yeye na Winnie. Akasema hatamharakisha. Kweli hakumharakisha. Wiki zilipita, akaendelea kumsalimia vilevile, kuuliza hali ya mtoto vilevile, na Elieshi akaendelea kutojibu. Alikuwa mke wa ukoo ule. Mumewe alizikwa Kansay kwenye shamba la mama mkwe. Na mtoto, kwa desturi za pande zote mbili, alikuwa mtoto wa ukoo wa baba yake. Angeanzaje kufungua mdomo?

Asubuhi iliyofuata Selestina alimwita na kumwambia ameamua. Wachukue ile ya kuchangia, kwenye kampuni nyingine, basi yaishe.

Elieshi aliitikia, lakini neno lile lilimchoma. Alidhani wifi yake hamwamini. Miaka yote hiyo alikuwa ameishika kambi kwa vidole vyake, na leo inapotakiwa kazi ya maana anaonekana si mtu wa kutegemewa, anaonekana mtu wa kuja. Akaanza kutafuta kampuni kama alivyoagizwa, akisema yale tu ya lazima. Selestina naye hakuwa mtu wa kubembeleza. Nyumba ikapoa. Winnie, aliyezoea kuwasikia wakicheka jikoni, alimuuliza mama yake kama shangazi anaumwa.

Jumamosi wakaenda Kansay kumsaidia mama mkwe kuvuna mbaazi. Bibi Bernadina alikuwa na mgongo mbaya lakini hakukubali kukaa. Alijichukulia mstari wake mbele na Winnie pembeni yake, Elieshi na Selestina wakabaki nyuma, kila mmoja na kapu lake, wakichuma maganda yaliyokauka. Kwa muda kilisikika tu kile kishindo kidogo cha mbaazi zikitua kapuni. Kisha Selestina akasema, bila kuinua macho:

"Mama Winnie, fundi Dennis ametutengenezea jenereta mara ngapi mwaka huu?"

Elieshi alisimamisha mikono. "Sikumbuki, wifi."

"Mimi nakumbuka. Na haikuwa imeharibika mara zote hizo."

Selestina aliendelea kuchuma. Alisema ameona siku nyingi, na asiyeona Karatu ni kipofu peke yake, naye amesikia. Alikuwa akingoja aambiwe. Alipoona haambiwi, akaanza kufikiri labda wao ndio waliomziba mdomo, wao na kaburi lao na kambi yao.

"Ndiyo maana nilichagua ile ya kuchangia," alisema. "Wewe ulifikiri sikuamini. Hata kidogo. Sikutaka pawe na kitu hapa cha kukushika mguu. Nilitaka ukiamua kwenda uende, usiwe unageuka nyuma kuangalia mashine."

Elieshi aliweka kapu chini. Machozi yalikuja yenyewe, akayafuta kwa ncha ya kanga, yakaja mengine.

"Mimi niliitaka ile nyingine ili inishike," alisema. "Nilifikiri nikiwa na kazi ambayo hapa hakuna mwingine wa kuifanya, sitalazimika kumjibu. Itakuwa imejibiwa yenyewe."

Selestina alimtazama sasa kwa mara ya kwanza tangu waingie shambani. Alikuwa mwanamke wa umbo kubwa, mwenye uso ambao wageni waliuogopa mpaka walipoonja chakula chake. Hakuwahi kuolewa. Aliwalea wadogo zake, akawazika wawili.

"Unampenda?" akauliza.

"Nikisikia jenereta imewaka nahuzunika," Elieshi alisema, "maana najua sasa ataondoka."

Selestina alicheka mpaka akashika mti wa mbaazi kujizuia, na Elieshi akacheka ndani ya machozi yake. Kule mbele Bibi Bernadina aligeuka, akawaangalia, akageukia tena mstari wake na kumpa Winnie kazi ya haraka ili asirudi nyuma.

Walipotulia, Elieshi alitaja jina la Josephati. Hakuuliza swali, alilitaja tu. Selestina alisema kwamba yeye ndiye aliyembeba Josephati mgongoni katika shamba hilihili, na alikuwa mtoto mzito. Alisema hadhani mdogo wake angependa mke wake alale peke yake mpaka uzee ili watu wapate kumkumbuka yeye. Wao watamkumbuka, yeye na mama, hiyo si kazi inayohitaji mjane. Hapo akakohoa kidogo.

"Na Winnie?" Elieshi aliuliza kwa sauti ya chini sana.

"Winnie aende na mama yake. Mtoto wa miaka ile anakwenda wapi bila mama? Likizo aje kwa bibi, asije akasahau Kiiraqw, na shida ikitokea tuambiwe sisi kwanza. Nimeshaongea na mama. Alilia jana, leo amekubali."

Elieshi alipiga magoti palepale katikati ya mistari, kama afanyavyo mtu anapopokea kitu kutoka kwa mkubwa. Selestina akamwinua kwa mkono mmoja, akamwambia kuna maganda yanapasuka bure juani.

Walichuma tena. Baada ya kitambo Selestina akauliza, kama mtu aliyekuwa akiligeuza jambo kichwani, hiyo seva yenyewe ingekaa wapi. Arusha?

"Hapana, wifi. Ujerumani."

"Ujerumani." Selestina aliitafakari Ujerumani. "Na wewe ungeifagia ukiwa Karatu."

"Ndiyo. Kwa mtandao."

"Moshi hakuna mtandao?"

Moshi mtandao ulikuwepo, tena mzuri kuliko wa Karatu, ambako mvua ikinyesha tu dishi la intaneti linasusa. Katika wiki ile nzima ya kununa Elieshi hakuwa amelifikiria hilo, labda kwa sababu hakutaka kulifikiria.

"Basi tumegombana bure," alisema Selestina. Kisha akawa mzito tena. "Lakini nakuuliza kama mtu huru. Unaitaka kazi hii, au unaona haya kuikataa? Ukisema hapana tutachukua ile ya kuchangia, na mimi na wewe tutabaki tulivyo."

Elieshi alitembea mpaka mwisho wa mstari wake akarudi. Alisema anaitaka. Maneno yaliyo kwenye ile tovuti aliyasema Josephati akiwa amekaa kwenye kiti kando yake, akitafuta namna ya kuueleza msitu kwa mtu asiyewahi kuuona, na angependa kuendelea kuyatunza yeye. Lakini alikuwa na sharti. Wageni wanahitaji jibu la mtu aliye hapahapa, anayejua gari lipi ni zima na punda wapi wako tayari. Kwa hiyo wifi yake ajifunze kompyuta.

Hapo ndipo Selestina alipotamani wangechagua ile ya kuchangia.

Kuhama hakukuwa kwepesi. Brian aliwasaidia kuisimika seva mpya, na Elieshi akajifunza kuilinda hatua kwa hatua, akisoma huku akiogopa. Jioni moja alipanga ulinzi wa kuzuia wavamizi, akakosea mahali pamoja, na seva ikamfungia nje yeye mwenyewe, kama mtu aliyebana mlango na funguo ziko ndani. Brian alicheka kwenye simu, akamwonyesha dirisha la nyuma. Hata barua hazikuanza kupokelewa mara moja, kwani anwani ngeni nayo hutiliwa mashaka mpaka izoeleke. Zikaanza kufika polepole, za jirani, za Nairobi, kisha za Ulaya.

Selestina alijifunza kwa vidole viwili, akiipiga ile kibodi kama anayeponda vitunguu saumu. Alijibu wageni kwa Kiingereza cha shule ya zamani, kifupi na chenye heshima, nao wakakipenda. Kutoka kwake mwenyewe likaja jambo ambalo si Brian wala Elieshi aliyelifikiria: punda wasishushwe malishoni kwa sababu ya barua. Alimwambia Nashilu kwamba tangu sasa atangoja sauti yake kwenye simu, na sauti hiyo haitatoka mpaka wageni wawe wamelala Karatu na yeye amewaona kwa macho. Nashilu alisema hayo sasa ni maneno ya mtu mwenye ng'ombe.

Dennis alikuja tena na kisanduku chake cha spana. Elieshi alimwambia uani kwamba jenereta ni nzima, aweke vyombo chini, chai iko mezani. Dennis alikaa. Aliangalia kikombe, akamwangalia yeye, na kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, alikunywa kwanza. Elieshi akamwambia kwamba wifi yake na mama mkwe wake wanamkaribisha kuja na wazee wake, na kwamba yeye mwenyewe jibu lake ni ndiyo. Dennis aliinamisha kichwa. Alipokiinua macho yake yalikuwa mekundu. Alisema alikuwa ameanza kuogopa kwamba ataitengeneza jenereta ile mpaka iharibike kweli.

Sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ilifanyika Machame mwezi wa Desemba, wakati Wachaga wamerudi nyumbani na kila kilima kina muziki. Kutoka Karatu lilikwenda gari zima: Bibi Bernadina amefungwa kitambaa kipya, wafanyakazi wa kambi, Nashilu na shanga zake zote. Winnie alivaa gauni la njano akawa anawaonyesha watoto wa huko namna ya kuhesabu kwa Kiiraqw.

Ulipofika wakati wa utambulisho, shangazi mmoja wa upande wa Dennis alimsogelea Selestina, aliyekuwa amekaa karibu kabisa na bibi harusi, na kumuuliza kwa adabu yeye ni nani kwa Elieshi. Lilikuwa swali la haki. Watu wa meza ile waliojua habari waliinamia sahani zao, maana haikuwa rahisi kueleza wifi wa ndoa ya kwanza anafanya nini kwenye kiti cha mbele cha ndoa ya pili.

"Ni mdogo wangu," Selestina alisema. "Tumemleta."

Shangazi aliridhika, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda kuketi. Mshereheshaji akaita upande wa Karatu usimame. Walisimama wote, Bibi Bernadina akiegemea bega la Nashilu, na Elieshi, ambaye kwa desturi alipaswa kukaa akitazama chini, aliinua uso akawatazama mmojammoja mpaka muziki ukaanza.